Lenzi Ulizozisingizia

Shija,

Barua hii nimeiweka kwenye mfuko wa kamera, sikuiweka kwenye begi la nguo. Begi la nguo utalifungua ukifika Mwanza, umechoka, na nakujua, utaitupa pembeni. Mfuko wa kamera huwa unaufungua kabla basi halijatoka stendi, uhakikishe hakuna kilichoibwa. Kwa hiyo sasa hivi umekaa dirishani unasoma, na mimi nimeshageuza kurudi nyumbani. Soma yote. Mwandiko ni mbaya kwa sababu nilitolewa shule darasa la nne nikachunge ndama, lakini herufi zangu zinasomeka, na sijawahi kumwomba mtu aniandikie.

Mambo ya kula vizuri, kufua na kuchagua marafiki siyaandiki. Umeota ndevu, na yote hayo nilishakuambia nikachoka, na wewe ukachoka. Nakuandikia habari ya lenzi. Wiki nzima nimekuwa nakuitikia "ee" na "sawa" nimekupa mgongo, ukawa unawaambia watu kwamba bibi kichwa kinamsumbua. Kichwa changu kizima. Nilikuwa naona kinyaa, na nikiona kinyaa huwa nasema maneno yasiyofaa kutoka kwa mtu aliyekulea. Kwenye karatasi angalau naweza kukata. Umeona hapo juu nilipokata. Usijisumbue kusoma chini ya wino.

Unazo lenzi tatu. Nazijua kuliko unavyodhani, maana miaka yote zimelala kwenye kabati langu la vyombo, juu ya sahani za wageni, kwa sababu ulisema chumbani kwako kuna unyevu. Ile fupi mnayoiita hamsini uliipata kwa kuwapiga picha wachimbaji kule Rwamgasa, wale waliokuwa wanaoga, wanavaa shati safi, ili mama zao huko kwao waone watoto wanaishi vizuri. Ile pana, inayofanya sebule ya mtu ionekane ukumbi, ilikuja baada ya msimu wa harusi. Na ile ndefu, ambayo ukiibeba unatembea umelalia upande mmoja kama mama aliyebeba mtoto mkubwa, ulirudi nayo kutoka Kahama ukanipa niishike kabla hujanisalimia. Ulisema, "Bibi, hii nitazeeka nayo." Wiki hii nimekusikia kwenye simu ukimwambia mtu, "Hizo takataka natoa zote." Takataka, kwenye kabati langu la vyombo.

Sikatai kwamba mambo ya kamera yamebadilika. Umenieleza, na nilielewa mara ya kwanza, hukuwa na haja ya kurudia polepole kama unaongea na mgonjwa. Kamera yako, hiyo DSLR, ina kioo ndani kinachoruka kila ukibofya. Hizo mpya mnazoziita mirrorless hazina kioo, na zina lenzi zake. Lenzi zako za zamani haziingii kwenye kamera mpya mpaka uweke adapta katikati, kipande kama pete. Kwa hiyo kuna kuamua: unazibakiza ulizonazo unazivalisha pete, au unazitoa zote unachukua mpya. Huo ni uamuzi wa kazi. Mtu mzima anaweza kuamua hivi au vile, na mimi nisingetafuta kalamu kwa ajili hiyo.

Kilichonifanya nitafute kalamu ni Kolandoto.

Ulikuwepo, lakini nitakusimulia, maana nimeona umeanza kuisimulia kwa namna nyingine. Nkwabi, yule kijana mchimbaji wa Rwamgasa, alipeleka ng'ombe wa mahari huko kwa baba yake Kabula. Akakuita wewe, kwa sababu huku kwetu kazi hiyo umeianzisha wewe: kupiga picha ng'ombe wa mahari mmoja mmoja, rangi, pembe, masikio na macho, ili kesho asitokee mtu wa kubisha nani alileta nini. Ni kazi ya heshima. Kuna wazee wasiojua hata kuandika majina yao wanazitunza picha zako sandukuni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nilikuwa najisifu kwa ajili yako, na unajua mimi si mtu wa kumsifu mtu ovyo.

Ulienda na kamera yako, na pia na ile mpya aliyokuazima Beni, mfanyabiashara wako wa Mwanza, uijaribu. Ng'ombe walipokuwa wanaingia langoni ulikuwa na kamera yako na lenzi ndefu. Nilikuona kutoka mkekani nilikokaa na wanawake. Umeinama, umetulia, ng'ombe wanapita, unapiga. Wazee walipokwisha kukaa na wakwe wakaanza kukutazama, ndipo ukaichomoa ile mpya, waione. Ukaivua lenzi ndefu palepale katikati ya zizi, vumbi la samadi limesimama hewani, ukaivalisha pete na kuichomeka. Kamera isiyo na kioo ukiivua lenzi inakuwa wazi kama kidonda. Hilo la vumbi nakuachia. Vumbi linasafishwa.

Halafu yule mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji akaonekana ana chongo. Baba Kabula akasema, mmeniletea chongo. Watu wa Nkwabi wakasema, tulileta mzima, kaumia zizini kwako. Hakuna aliyepigana, kwa sababu wote walijua kuna picha. Wakakuita. Ukafungua ile kompyuta yako mbele ya wazee. Baba Kabula akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Shija, huyu ni nani?"

"Mshenga, baba."

"Mshenga namwona. Namwona mpaka vinyweleo vya puani. Namuulizia ng'ombe."

"Yuko nyuma yake."

"Nyuma yake kuna uji."

Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Ukafungua nyingine, uji. Nyingine, mjomba amekodoa macho, na uji. Ungesema wakati ule, watu bado wanacheka, "Baba, nimekosea, kamera ilikuwa ngeni mkononi," yangeisha kwa faini ya kuku mmoja. Wewe ukasema nini? "Ni lenzi, baba. Hizi lenzi za zamani hazielewani na kamera mpya. Zimekufa." Ulisema kwa sauti ya mtaalamu. Baba Kabula akafunga miwani yake kwenye kikasha. Akamgeukia Nkwabi. "Mmempa nini huyu kijana ili aifiche?"

Hapo ndipo kicheko kilipoisha. Tangu siku ile ndoa imesimama. Gauni liko kwa fundi, Kabula amerudi shambani kupalilia, na nikipita pale ananisalimia bila kunitazama usoni. Nkwabi anaitwa tapeli na watu ambao hawajawahi kumwona. Wewe ukarudi nyumbani, ukala, ukaniambia tena, "Ni lenzi, Bibi." Nikaamini. Kosa langu la kwanza katika habari hii ni hilo, nilikuamini kwa sababu mimi sijui ndani ya lenzi kuna nini.

Jumapili Beni akaja kuchukua kamera yake. Kijana mkubwa, ananukia, anaingia kwangu ananiambia, "Mambo, bibi." Sikumjibu. Mimi si wa rika la mambo. Akatandika kitambaa cheusi juu ya meza yangu ya chakula akapanga lenzi zake mpya kama mganga anapanga vibuyu. Halafu akazishika zako. Akazigeuza, akapuliza, akakunja pua kama mtu aliyeonjeshwa mtindi uliooza.

"Hizi hazina soko siku hizi."

"Kama hazina soko," nikamwambia, "umekuja na mfuko mtupu wa nini?"

Akacheka. "Shija, bibi yako mkali." Akataka kunilainisha. Akaniambia nisimame pale uani karibu na ng'ombe wangu, anioneshe maajabu. Kamera ilikuwa ileile, na lenzi ilikuwa ileile ndefu yako yenye pete, maana ulikuwa hujaivua. Akapiga, akanionesha. Mimi niko wazi, ng'ombe uji.

Na akanieleza mwenyewe, kwa furaha, bila kuulizwa. "Hii inatafuta jicho la mtu yenyewe, bibi. Simama hata na kundi zima la ng'ombe, itakuchagua wewe. Shija nilimwambia siku ile namwazima, ukipiga wanyama zima hicho kitu." Akakizima. Akampiga ng'ombe. Kope moja moja, Shija. Lenzi ile iliyokufa.

Nikakutazama. Ulikuwa unafuta lenzi nyingine ambayo ilikuwa safi.

Na huyo rafiki yako hakuishia hapo. Akaihamishia picha yangu kwenye simu, akaninyoosha uso, akafuta mikunjo, akafuta na chale zangu za shavuni ambazo mama yangu alinishika mikono zikichanjwa. Akanionesha akitegemea nishukuru. Nilijiona kama maiti iliyopakwa poda. Nilitoka nikaenda kutema mate nyuma ya nyumba. Nakuambia hili kwa sababu utaenda kufanya kazi kwenye studio ya watu wa namna hii, na watakuambia wateja wanapenda. Wengine wanapenda. Wewe uliza kwanza kabla hujamfuta mtu uso wake.

Lakini Beni hakunichukiza sana. Beni ni mchuuzi, anasema maneno ya mchuuzi. Aliyenichukiza ni wewe, na si Jumapili, ni Jumatatu.

Jumatatu nilikuletea chai. Ulikuwa umeinamia kamera yako ya zamani, unatazama kioo chake cha nyuma. Mimi natembea bila viatu, hukunisikia. Nikamwona mtamba. Mwekundu, doa jeupe kwenye paji, anaingia langoni kwa baba Kabula, amegeuza kichwa anakutazama. Macho yote mawili mazima, meusi, yanang'aa kama mbegu za ubuyu zilizofyonzwa. Ukabofya, kikazima.

"Picha gani hiyo?"

"Za zamani tu, Bibi."

Nimechunga ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa. Ng'ombe niliyemtazama mara moja namtambua hata akiwa nyama. Ile picha uliipiga siku ileile, langoni, kwa kamera yako na kwa lenzi ileile ndefu. Ukiionesha, Nkwabi anatoka kwenye utapeli, baba Kabula anajua mtamba aliumia kwenye miba ya zizi lake, na binti anaolewa. Lakini ukiionesha, watakuuliza swali moja: mbona hii iko wazi, na lenzi ulisema imekufa? Kwa ajili ya swali hilo umekaa kimya na watu wanaumizana.

Halafu nikaelewa haraka yako. Nilikuwa najiuliza kwa nini uzitoe zote tatu, kwa nini safari hiihii, kwa nini kwa bei yoyote. Unataka ziende Mwanza zipotee kwenye mikono ya watu, ili asiwepo wa kuzijaribu. Unaita hiyo kwenda na wakati. Nilipolielewa hilo nilikaa jikoni nikashindwa kula, na unajua mimi nakula hata msibani.

Usidhani natetea vitu vya zamani kwa kuwa mimi ni wa zamani. Hilo nalo nilijifunza kwa uchungu. Nikiwa na mama yako mgongoni nilikuwa naosha dhahabu Rwamgasa. Unaweka ubao ulioinama, unautandika gunia la katani, unamwaga mawe yaliyosagwa pamoja na maji, tope linapita, dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Wakaja wanawake kutoka upande wa Geita mjini wanatandika vipande vya zulia badala ya gunia. Zulia lina manyoya, linanasa hata ile dhahabu laini kama unga. Niliwacheka. Nilisema hao wamekuja kutandika sebule. Mimi nilikuwa muoshaji mwenye jina, nisingejifunza kwa wageni.

Dhahabu yangu ikapungua. Nilijua kwa nini. Nilikuwa naona kwenye karai zao kile ambacho changu kilikuwa kinapitiliza. Lakini mzee mwenye duara, yule aliyekuwa ananipa mawe kutoka shimoni kwake, aliponiuliza, nilimwambia mwamba umekufa. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu, kama wewe. Akaniamini, kwa sababu nilikuwa na jina. Akaliacha duara lake akaenda kulima mihogo. Mtu mwingine akaingia humo. Na yule aliyechukua marudio yangu, lile lundo la tope nililokwisha kuliosha na kulitupa, akaliosha upya akajenga nyumba ya bati Nyahanga, ambayo umeipita mara nyingi ukienda Kahama. Mzee wa duara alikufa na mihogo yake. Sikuwahi kumwambia. Nikimkumbuka najisikia uchafu, na maji hayautoi. Gunia halikunichafua, wala zulia. Ni lile neno "mwamba umekufa."

Sasa lenzi, maana najua unasoma ukingoja niseme.

Ukiniuliza mimi, ile pana mpe Beni, huitumii ila kuwadanganya watu ukubwa wa nyumba zao. Hamsini na ile ndefu usizitoe. Nunua kamera mpya kama studio inataka, nunua pete, na zifanye kazi hizohizo mpaka mkono wako umeijua kamera usiku na mchana, kwenye jua na kwenye vumbi. Lenzi mpya zitakuja moja moja, kila moja ikiwa na kazi iliyoiita. Na si kwamba naziona hazina maana. Nimezishika pale mezani, ni nyepesi, mgongo wako utashukuru. Na kamera isiyopiga kelele ina heshima yake. Ile yako inapiga kacha kanisani, na kwenye mazishi ya jirani yetu Mama Holo watu waligeuka kukutazama badala ya kutazama jeneza. Kwa hiyo badilisha. Badilisha hata zote kama umepima ukaona ndivyo. Nikiwa Shinyanga siwezi kukushika mkono, na sitaki.

Ila ukizitoa, zitoe zikiwa nzima. Mwambie Beni ni nzima, anajua, alipiga nayo mwenyewe. Ukiendelea kusema zimekufa utauziwa uongo wako mwenyewe, yeye atazipata kwa bei ya chuma chakavu, na usije kunililia.

Umekasirika sasa. Unasema bibi amechunguza vitu vyangu. Sikuchunguza. Ulisahau kwamba nina miguu. Na usiifute picha ya mtamba, kama kidole kimeshaanza kutafuta kitufe. Nimeiona, na nikiulizwa nitasema.

Jana mchana, ulipokuwa mjini kukata tiketi, nilimpigia simu baba yake Kabula. Ulilofanya sikumwambia. Hilo ni lako, utalisema kwa mdomo wako, umesimama, kofia mkononi, na usitie neno lenzi ndani yake. Nilimwambia tu kwamba Shija atashuka Kolandoto asubuhi ya leo, anayo picha aliyoipiga langoni. Akaniambia, "Wabeja, mayu." Mtu hashukuru hivyo kwa picha. Nkwabi naye nimempigia. Ameshatoka Rwamgasa.

Basi la Mwanza linapita hapo hapo, na tiketi yako haitaoza ukiingia la mchana. Baba Kabula amesema zizi halifunguliwi mpaka uje na picha, mumweke mtamba pembeni yake watu wote waone. Zizi liko kando ya barabara, unalijua. Ng'ombe waliozoea kutoka alfajiri watakuwa wamesimama humo, jua limepanda, njaa inawauma, wanalia. Ukiamua kubaki kwenye kiti chako, funga dirisha, maana utawasikia, na abiria wa pembeni yako atakuuliza wanalia nini.

Mimi bibi yako,
Mama Luhende